Tumsaidie mwalimu wa jimu: nguvu za mwili nazo ni somo



Mtoto anaporudi kutoka shuleni tunamuuliza mambo mengi. Kwenye hesabu umepata ngapi? Mwalimu wa Kifaransa amekuja? Daftari liko wapi? Lakini nani kati yetu anauliza: "Leo kwenye jimu mmefanya nini?" Kwetu wengi jimu ni saa ya kupumzisha kichwa tu, na mtoto akikosa hatuoni kama amekosa kitu.

Tukiuliza, mara nyingi tutapata jibu hili: "Tumecheza mpira." Tukiendelea kuuliza: "Na wewe umecheza?", wengi watajibu: "Hapana, mimi nilitazama." Ndivyo inavyokuwa. Darasa lina watoto 60, mpira ni mmoja. Watoto 22 wanakimbia, na 38 wanakaa kando ya kiwanja. Katika hao wanaokaa, wasichana ndio wengi. Wao wanashika mashati na viatu vya wanaocheza.

Hatumlaumu mwalimu. Tangu masomo ya shule za msingi za serikali yafanywe ya bure mwaka wa 2019, watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani wameingia darasani, nasi tulifurahi. Lakini viwanja havikuongezeka, na mipira haikuongezeka. Mwalimu amebaki na filimbi yake na umati wa watoto. Juma hili tunataka kueleza kwamba iko sehemu moja ya somo hili ambayo haidai mpira, haidai pesa nyingi, na watoto wote 60 wanaweza kuifanya kwa wakati mmoja. Sehemu hiyo ni mazoezi ya kutia mwili nguvu. Na wazazi wana kazi yao ndani yake.

Nguvu tunazosema ni zipi?

Tukisikia "mazoezi ya nguvu" tunafikiri vijana wenye vifua vikubwa wanaonyanyua vyuma. Si hivyo. Zoezi la nguvu ni kila zoezi ambalo msuli unashindana na uzito fulani. Uzito huo unaweza kuwa mwili wa mtoto mwenyewe. Kuchuchumaa na kusimama tena, kusukuma ukuta, kuruka kama chura, kutembea kama kaa, kuvuta kamba, hayo yote ni mazoezi ya nguvu.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitoa mashauri mapya mwaka wa 2020. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 17, linasema wawe na mwendo wa mwili dakika 60 kwa siku, tukichukua siku zote za juma kwa wastani. Linaongeza kwamba siku 3 au zaidi katika juma, ndani ya mwendo huo kuwe na mazoezi yanayotia nguvu misuli na mifupa. Kukimbia peke yake hakutoshi. Mpira wa miguu unasaidia miguu na moyo, lakini mikono, mabega na mgongo vinapata kidogo.

Mifupa nayo tuifikirie vizuri. Mifupa inaweka akiba katika utoto na ujana, kama vile sisi tunavyoweka pesa kwenye AVEC. Msichana akifika miaka 18, karibu sehemu 90 juu ya 100 ya akiba yote ya mifupa yake imekwisha kuwekwa. Akizeeka anaanza kuitoa, hasa damu ya mwezi ikikoma. Bibi anayevunjika nyonga kwa kuanguka uwanjani mwa nyumba, sehemu ya sababu yake inaweza kutoka miaka ile alipokuwa msichana. Kuruka na kushindana na uzito ndiko kunakoambia mfupa: "Jiimarishe." Ndiyo maana michezo kama nzango, ambayo wasichana wa Kinshasa na wa Brazzaville wanaipenda, si upuuzi. Kule kuruka na kupiga miguu chini ni kazi nzuri kwa mifupa.

"Lakini watoto wetu wanabeba mizigo tayari"

Hapa ndipo wamama wengi wanatupinga, na wana haki ya kuuliza. Wanasema: binti yangu anateka maji asubuhi na jioni. Anabeba kuni, anabeba mdogo wake mgongoni, anapanda milima hii yetu. Mnataka shule imwongezee mzigo gani tena?

Tuangalie bidoni. Bidoni ya lita 20 ikijaa ina kilo 20. Mtoto wa miaka 10 mwenyewe ana kilo 30 hivi. Basi anabeba sehemu mbili juu ya tatu za uzito wake, kichwani au kwa kamba iliyofungwa kwenye paji la uso, kwenye njia ya mteremko, kila siku, akiwa amekula au hajala. Uzito haukuanza mdogo ukapanda polepole. Hakuna siku ya kupumzika. Shingo na mgongo wa chini vinalipa gharama, na sehemu nyingine za mwili hazifundishwi chochote. Mtoto akilemewa leo, kesho bidoni ni ile ile.

Zoezi la shuleni linakwenda kinyume na hayo. Uzito unachaguliwa kufuatana na mtoto. Unaanza mdogo, unaongezwa kidogo kidogo. Mkono wa kulia na wa kushoto vinafanya kazi sawa, mbele ya mwili na nyuma yake pia. Kuna siku ya kazi na siku ya kupumzika, kwa sababu msuli unajijenga wakati wa kupumzika. Na kuna mtu mzima anayetazama.

Kwa hiyo hatusemi kwamba mazoezi yatamfanya mtoto abebe bidoni kubwa zaidi. Mtu akilichukua neno letu hivyo, amelipindua. Tunasema kwamba mtoto ambaye maisha yanamwekea mizigo ana haja kubwa zaidi ya mgongo uliofundishwa, na ya kujua namna ya kuinua kitu bila kujiumiza. Hata hilo mwalimu anaweza kulifundisha kwa bidoni yenye lita 5 tu: sogea karibu na mzigo, tenga miguu, kunja magoti, nyoosha mgongo, vuta mzigo karibu na tumbo, simama kwa nguvu za miguu. Usigeuze kiuno ukiwa umeinama, geuza miguu. Mtoto akijifunza hivyo, atakuja kumfundisha mama yake. Na sisi nyumbani tufanye sehemu yetu: bidoni mbili ndogo, moja kila mkono, ni afadhali kuliko moja kubwa. Na kaka zake nao wana mikono.

Maneno ya uoga

Yako maneno yanayozunguka mitaani, na mwalimu akianza mazoezi haya bila wazazi kuelewa, kesho yake atapata wageni mlangoni. Tuyajibu mapema.

Wanasema mazoezi ya nguvu yanamzuia mtoto kurefuka. Madaktari wa watoto wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na hawakuona kwamba mazoezi yanayofanywa kwa namna nzuri, chini ya macho ya mtu anayejua, yanazuia urefu. Kinacholeta hasara ni uzito mkubwa kupita kiasi, namna mbaya ya kuinua, na michezo ya kushindana nani ananyanyua zaidi bila mtu mzima.

Wanasema msichana atakuwa na mwili wa mwanaume. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, nguvu zinaongezeka hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamuru misuli vizuri. Misuli yenyewe hainenepi sana. Hata msichana aliyebalehe hana homoni za kiume kwa kiasi cha kumpa kifua cha mbeba vyuma. Atakachopata ni kusimama wima, kukaa darasani bila kujikunja, na kutochoka upesi.

Wanasema tumbo la uzazi litaharibika. Halitaharibika kwa kuchuchumaa na kusukuma ukuta. Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaika, ambaye amejenga mwili wake kwa mazoezi makali kwa miaka mingi, alizaa mtoto mwaka wa 2017. Mwaka wa 2019 huko Doha alishinda mbio za mita 100 za wanawake wa dunia nzima. Sisi hatuombi shule iwafanye mabinti zetu kuwa kama yeye. Tunaonyesha tu kwamba mwili wenye nguvu na uzazi havigombani.

Namna mwalimu anavyoweza kufanya

Tuchukue darasa lile la watoto 60. Mwalimu atoe dakika 15 za mwanzo wa somo, kisha mpira uendelee kama kawaida. Watoto wapashe mwili moto kwanza kwa kukimbia polepole na kuzungusha mikono. Halafu awagawanye katika vikundi 6 vya watoto 10, na kila kikundi kiwe na kiongozi, nusu ya viongozi wakiwa wasichana. Kila kikundi kinasimama mahali pake:

Pa kwanza, kuchuchumaa na kusimama, visigino vikibaki chini, magoti yakielekea upande wa vidole vya miguu.

Pa pili, kusukuma ukuta kwa mikono miwili. Anayeweza zaidi asukume banki, na aliye hodari apige pompe chini.

Pa tatu, kuruka kama chura, akitua polepole kwa magoti yaliyokunjwa.

Pa nne, kukaa kama ubao: viwiko na vidole vya miguu chini, mwili umenyooka, tumbo limekazwa.

Pa tano, kuvuta. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokwisha toboka unakatwa vipande virefu. Watoto wawili wanatazamana, kila mmoja anashika mwisho mmoja na kuvuta viwiko nyuma. Hapa mgongo wa juu unafanya kazi, sehemu ambayo mpira wa miguu unaisahau.

Pa sita, kubeba. Chupa mbili za plastiki za lita 1 na nusu, moja kila mkono, kutembea wima mpaka mti na kurudi. Chupa hiyo ikijaa maji ina kilo 1 na nusu. Ikijaa mchanga mkavu inapita kilo 2. Inatosha kwa kuanza.

Filimbi ikilia, kazi kwa sekunde 30. Ikilia tena, wanapumua na kuhamia mahali pengine kwa sekunde 30. Mzunguko mmoja ni dakika 6, miwili ni dakika 12. Watoto wote 60 wamefanya kazi, hakuna aliyeshika viatu vya mwingine.

Ikiwa hakuna kiwanja, ukuta wa darasa unatosha kwa kusukuma, na banki inatosha kwa kukaa na kusimama. Wakati wa mvua watoto wanaweza kufanya kuchuchumaa kando ya viti vyao. Jambo moja la hatari tunalitaja waziwazi: mtoto asining'inie kwenye milingoti ya goli isiyofungwa imara chini. Milingoti hiyo huanguka, na ni mizito.

Mambo ya kushika

Namna nzuri kwanza, hesabu baadaye, uzito mwisho. Mtoto anayechuchumaa vibaya mara 20 amejifunza vibaya mara 20. Afadhali mara 8 nzuri. Akizoea, aongeze mara 1 au 2 kila juma. Akifika 12 au 15 bila taabu, ndipo zoezi lifanywe gumu kidogo.

Siku 2 au 3 kwa juma, na siku ya kupumzika katikati. Shule yenye somo moja tu la jimu kwa juma inaweza kuongeza dakika 5 asubuhi nyingine, watoto wakiwa kwenye mistari baada ya kupandisha bendera.

Kupumua kusizuiwe. Mtoto atoe pumzi wakati wa kusukuma au kuinuka.

Maumivu yatofautishwe. Msuli kuuma kidogo kesho yake au siku ya pili ni kawaida. Kiungo kuuma, goti kuvimba, mgongo kuchoma, hapo zoezi linasimamishwa na mzazi anajulishwa.

Kila mtoto ashindane na nafsi yake. Mwalimu akiwa na daftari dogo linaloonyesha kwamba mtoto fulani alianza na pompe 3 za ukutani na sasa anafanya 10, mtoto huyo ameshinda, hata kama jirani yake anafanya 30. Mtoto mnene, ambaye katika mbio huwa wa mwisho na kuchekwa, mara nyingi katika kusukuma na kuvuta ndiye wa kwanza. Tumpe siku hiyo.

Na jambo la mwisho ni zito kuliko yote: zoezi lisiwe adhabu. Katika shule nyingi mtoto aliyechelewa anapigishwa pompe, aliyepiga kelele anachuchumaa mpaka miguu itetemeke. Kisha tunashangaa kwa nini anachukia jimu. Hatuwezi kumfundisha mtoto kwamba kitu kile kile ni zawadi siku ya jumanne na fimbo siku ya jumatano. Tunawaomba waalimu, madirekta na maprefe watafute njia nyingine ya kurudi watoto.

Kazi yetu sisi wazazi

Mwalimu hawezi peke yake. Kwanza, tumwambie ukweli juu ya afya ya mtoto. Kati yetu ziko jamaa zenye mtoto wa drepanositozi, ule ugonjwa wa damu ambao mtoto anaurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili. Wazazi wengine wanaficha kwa haya. Mtoto huyu hafukuzwi kwenye mazoezi, lakini anahitaji maji mengi, kupumzika mara kwa mara, asifikishwe kwenye kuchoka kabisa, na asibaki kwenye baridi na jasho. Mzazi amuulize daktari kwanza, na mwalimu ajue. Ni vivyo hivyo kwa mwenye pumu au mwenye shida ya moyo. Siri tunayoificha kwa haya inaweza kumwangusha mtoto kiwanjani.

Pili, chakula. Mtoto ambaye tangu jana saa kumi na mbili hajaweka kitu tumboni hana cha kujengea misuli. Uji asubuhi, maharage, karanga, sombe, sambaza za ziwa letu tunapozipata: hivyo ndivyo vinavyojenga. Mwalimu naye, akijua kwamba mtoto hajala, amwache apumzike bila kumwaibisha.

Tatu, nguo. Msichana wengi anakataa kuruka kwa sababu ya sketi, wala si uvivu. Kaptula ya kitambaa chochote chini ya sketi inamaliza jambo hilo. Mama mwenye cherehani anaweza kushona nyingi kutoka vikwembe vilivyochakaa. Na siku zake za mwezi zikifika, msichana asilazimishwe wala asikatazwe. Aulizwe kwa siri, na mwalimu mwanamke awepo ikiwezekana.

Nne, vifaa. Chupa tupu tunazitupa kila siku. Mipira ya ndani ya baiskeli iliyochoka iko kwa kila fundi. Magunia yaliyopasuka yanaweza kushonwa kuwa mifuko midogo ya mchanga. Komite ya wazazi ikikusanya vitu hivyo kwa juma moja, shule itakuwa na vifaa vya mwaka mzima, na hakuna aliyetoa franka.

Tano, ulinzi. Mzazi mmoja au wawili wenye nafasi wanaweza kusimama pamoja na mwalimu siku za kwanza, wasaidie kuangalia vikundi. Macho mawili kwa watoto 60 ni machache.

Chama chetu kinaomba kila mwanachama mwenye mtoto shuleni afanye jambo moja juma hili: apite kwa mwalimu wa jimu, amsalimie, amwulize darasa lina watoto wangapi na anakosa nini. Apeleke ukurasa huu ikiwa unaweza kumsaidia. Kwenye mkutano wetu kila mmoja alete jibu alilopata, tuone ni shule zipi tunaweza kuanza nazo pamoja na komite za wazazi. Chupa mbili na kipande cha mpira wa baiskeli, mje navyo siku hiyo hiyo. Tutafanya mzunguko mmoja sisi wenyewe, wamama na mabibi, wanaoweza wakisukuma ukuta na wasioweza wakikaa na kusimama kwenye kiti. Migongo yetu nayo imebeba mengi.

Tubaki na amani, na tuonane kwenye ukurasa huu juma lijalo.